Kudra Ina Mwenyewe

Binti yake alikuwa akikaribia kutimiza mwaka, au ameupita kidogo, siku Gene Tierney, nyota wa sinema wa Marekani, alipokwenda kwenye karamu ya tenisi mjini Los Angeles. Mwanamke mmoja kijana akamjia kwa bashasha na kumuuliza kama anamkumbuka. Hakumkumbuka. Basi yule mwanamke akajieleza. Wakati wa vita alikuwa askari katika kikosi cha wanawake cha Marine, na usiku mmoja walikutana Hollywood Canteen, ile klabu ambako nyota wa sinema waliwahudumia askari chakula na kucheza nao muziki bila malipo. Kisha akauliza, kama mtu anayekumbushia kituko cha zamani: hivi, baada ya usiku ule hukupata rubela? Maana kambini kwao ilikuwa imezuka, wamewekwa karantini, na yeye akatoroka. Kila mtu alimwambia asiende. Lakini angekosaje, na nyota anayempenda kuliko wote ndiye angekuwepo?

Tierney alikisimulia kisa hiki mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1979. Anasema alisimama akimtazama, kisha akageuka akaenda zake. Hakumjibu kitu.

Angemjibu nini? Rubela aliipata, tena akiwa na mimba. Binti huyo, Daria, alikuwa amezaliwa Washington tarehe 15 Oktoba 1943, kabla ya miezi yake, na uzito usiofika kilo moja na nusu, ikabidi abadilishwe damu. Hakusikia. Macho yalikuwa na mtoto wa jicho. Akili haikukua. Mama yake, ambaye siku zile uso wake ulikuwa kwenye mabango ya sinema nusu ya dunia, alikaa naye nyumbani mpaka akafika miaka minne, ndipo akakubali ushauri wa madaktari kumpeleka kwenye makao ya watoto wa hali hiyo. Maisha yaliyobaki ya Daria, na yalikuwa marefu, yalipita kwenye makao ya namna ile.

Kwa hiyo yule mwanamke anadaiwa nini? Na ni nani mwenye haki ya kumdai?

Nauliza nikiwa mtu ambaye jambo hili linamgusa. Nimestaafu uuguzi hapa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kliniki ya mama na mtoto: kuning'iniza watoto kwenye mzani, kujaza kadi, kudunga sindano. Mwaka 2014 ndipo chanjo ya surua ilipounganishwa na ya rubela nchini kwetu. Oktoba ile tulichanja watoto wa miezi 9 hadi walio chini ya miaka 15, tukigawa papo hapo matone ya vitamini A na dawa za minyoo, na jioni vidole vyetu vimejaa wino kuliko vya watoto tuliowapaka. Kabla ya hapo rubela ilikuwa ugonjwa wa kupuuzwa. Mtoto anatoka vipele, homa kidogo, tezi za nyuma ya masikio zinavimba, siku tatu amepona, huyo anarudi kucheza. Madhara yake makubwa hayamfiki anayeumwa. Yanaonekana miezi kadhaa baadaye, kwa mtoto wa mtu mwingine.

Tierney mwenyewe nilimfahamu kupitia filamu mbovu. Mjukuu wangu alikuwa akitafuta sinema za zamani zinazohusu Afrika Mashariki, akaniwekea Sundown ya mwaka 1941 kwenye simu. Inadai kwamba mambo yanatokea kituo cha mbali kaskazini mwa Kenya, Waingereza wakiwasaka wanaoingiza silaha. Nyika yenyewe walikwenda kuipiga picha New Mexico, na mtu yeyote aliyewahi kusafiri kwa basi kwenda Garissa atalitambua hilo dakika ya kwanza. Tierney anaigiza Zia, mwanamke mwenye misafara na maduka, na amevalishwa nguo ambazo mwanamke wa pwani asingetoka nazo hata uani kwenda kuanika. Nilicheka. Halafu kamera ikamsogelea usoni, nikaacha kucheka. Darryl Zanuck, mkuu wa Twentieth Century-Fox, alimhesabu kuwa mrembo kuliko wote waliowahi kuonekana kwenye sinema, na mimi siwezi kubishana naye.

Alizaliwa Brooklyn mwaka 1920, baba yake wakala wa bima, akasomeshwa mpaka Uswisi. Alikuwa na miaka 17 alipotembelea studio za Warner na familia yake, na mwongozaji Anatole Litvak akamwambia afanye kazi ya kuigiza. Alipojisikia sauti kwenye filamu ya kwanza aliona ni nyembamba mno, akaanza kuvuta sigara ili iwe nzito. Sigara hizo ndizo zilizomharibu mapafu na kumuua mwaka 1991. Baba yake alianzisha kampuni ya kusimamia mapato ya binti, akayatumia. Mume wa kwanza alikuwa mbunifu wa mavazi, Oleg Cassini, aliyekuja baadaye kumvalisha mke wa Rais Kennedy, na mengi ya aliyobuni mwanzoni yaliingia duniani yakiwa mwilini mwa Tierney. Hata huku kwetu jina lake lilikaribia kufika kwa mlango mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitaka kuolewa na Aly Khan, mtoto wa yule Aga Khan wa tatu, imamu wa Waismailia, aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Mzee alikataa. Waismailia wa Upanga, Dar es Salaam, wangemwita nani, sijui.

Filamu iliyomjengea jina ni Laura, ya mwaka 1944. Mpelelezi anachunguza kifo cha mwanamke, na kila akiingia nyumbani kwake anaikuta picha yake ukutani, mpaka anampenda marehemu. Picha ile inaonekana kama ya kuchorwa kwa rangi za mafuta. Kumbe ni fotografia ya kawaida iliyokuzwa na kupakwapakwa brashi juu yake. Naitaja kwa sababu askari yule wa Marine naye alipenda picha. Mwanamke aliyesimama Canteen usiku ule, mwenye mimba changa isiyoonekana bado, hakumjua kabisa.

Haki itendeke: mengi askari yule hakuyajua, na asingeweza kuyajua. Daktari wa macho wa Sydney, Norman Gregg, ndiye aliyegundua kwamba rubela ya mama inapofusha mtoto tumboni. Alikuwa akiona vichanga wengi mno wenye mtoto wa jicho, na inasimuliwa kuwa fumbo lilifumbuka alipowasikia akina mama wenyewe wakizungumza kwenye chumba cha kusubiri, kila mmoja akitaja vipele vya siku zake za mwanzo. Gregg alisoma taarifa yake mbele ya madaktari wenzake Melbourne tarehe 15 Oktoba 1941. Daria alizaliwa miaka miwili kamili baadaye, tarehe ile ile. Katika miaka hiyo miwili habari ilisafiri polepole, vita vikiendelea, na madaktari wengi wa nchi nyingine walikuwa na shaka. Kambi ya Marine iliweka karantini ili askari wasiugue wengi kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemwambia yule binti kwamba usiku wake mmoja wa furaha ungeweza kuzima macho ya mtoto ambaye hajazaliwa.

Hapa ndipo watu wa dini tunapenda kuliingiza neno letu. Kudra ya Mungu. Nimelisikia likisemwa kliniki mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuangalia, kila linaposemwa, ni nani anayelisema.

Nakumbuka msichana mmoja aliyeletwa na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa na wiki kama sita. Nilipomgeuzia dirishani niliona mboni nyeupe, zote mbili, nyeupe kama maji yaliyosuuzia chombo cha maziwa. Nikapiga makofi karibu na sikio, hakushtuka. Nikamuuliza yule msichana kama aliwahi kupata vipele akiwa na mimba. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Ee, nesi. Mimba ilikuwa ya miezi miwili hivi. Watoto wa wifi walikuwa na vipele, nikaachiwa niwauguze."

"Kudra ya Mungu hiyo, mwanangu," mkwe akadakia. "Nesi, tuandikie tu ya hospitali kubwa."

Nikamuuliza mama mkwe, kwa adabu, kama wale watoto wa wifi walishapona. Akasema walipona zamani. Alikuwa hasemi uongo wala si mtu mbaya. Ndiye aliyembeba mjukuu wake muda wote ule na ndiye aliyelipa nauli. Lakini wifi alikuwa binti yake, na neno kudra lilikuwa limewahi kuziba mlango ambao mazungumzo yangepitia. Hakuna aliyekuwa amekusudia chochote. Hata hivyo msichana yule alikuwa na jambo la kusema na alinyimwa nafasi ya kulisema, tena kwa jina la Mungu.

Kadiri ninavyolifikiria, naona kudra ni neno lenye mwenyewe. Mwenyewe ni aliyefikwa. Mama wa mtoto akisema hii ni kudra, anasema kitu kizito ambacho hakuna mwalimu anayeweza kumfundisha, na mimi nisiyefikwa kazi yangu ni kunyamaza na kumletea kiti. Likitoka kinywani mwa aliyesababisha, au ndugu wa aliyesababisha, neno hilo hilo ni njia ya kutokea mlango wa nyuma.

Wanaodhani nazua dini mpya warudi kwenye kisa cha Sayyidna Umar, ambacho tumesomeshwa tangu madrasa na bado tunakipita juu juu. Mwaka wa 18 Hijria, yaani 639 Miladia, tauni iliingia Sham. Umar alikuwa njiani kwenda huko, na alipofika Sargh akapata habari. Akataka ushauri, masahaba wakagawanyika, akaamua kurudi Madina. Abu Ubayda, mkuu wa majeshi ya Sham, akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu. Umar akakubali: ndiyo, anatoka kwenye kudra kwenda kwenye kudra, kama mchungaji aliyefika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, popote atakapolisha ni kwa kudra. Kisha akatokea Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwepo kwenye mashauriano, akawapa hadithi aliyoisikia kwa Mtume: mkisikia tauni iko nchi fulani msiiingie, na ikiwakuta mlipo msitoke mkiikimbia.

Mawaidha mengi huishia kwenye jibu la Umar. Mimi nabaki na Abu Ubayda. Yeye alirudi Sham kwa watu wake, akakaa, tauni ikamuua. Aliyelitaja neno aliliishi kwa mwili wake mwenyewe, hakumtwisha jirani. Ndiyo maana hata nisipokubaliana na swali lake siwezi kumdharau. Na tazama karantini inavyosimama mahali pake katika kisa hiki. Amri ya kutotoka haimlindi aliyemo ndani, yeye imeshamkuta. Inamlinda mtu aliye mbali, asiyejulikana, ambaye mtokaji hatamwona akiugua. Binti wa Marine alivunja amri ya aina hiyo hasa, na alijua anaivunja. Matokeo ndiyo asiyoyajua.

Nilimpelekea ustadhi wetu wa darsa la akina mama kisa hiki, bila kutaja sinema wala nyota, maana tungepoteza saa nzima. Akanifafanulia jinsi mafakihi wanavyowatofautisha mtendaji wa moja kwa moja na msababishi. Mtendaji hulipa hata kama hakukusudia: anayemuua mtu kwa bahati mbaya anadaiwa dia na kafara, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Msababishi hadaiwi mpaka ithibiti kwamba alivuka mpaka. Ukichimba kisima shambani kwako na mtu akatumbukia, hulipi. Ukikichimba njiani kwa watu, unalipa.

"Sasa huyo wako," akaniuliza, "alichimba wapi?"

"Njiani, ustadhi. Alikatazwa kutoka na akatoka."

"Basi mpaka ameuvuka. Limebaki la pili. Nani anathibitisha kwamba maradhi yametoka kwake?"

Nilikuwa nimejiandaa kujibu mambo ya nia na ya elimu. Hilo la ushahidi sikulitarajia. Nikarudi nyumbani, nikalitazama kwa macho ya kazi yangu. Kwa simulizi ya Tierney, vipele vilimtoka siku chache baada ya kwenda Canteen. Rubela haina haraka hiyo. Kuanzia kuambukizwa mpaka vipele kutoka ni wiki mbili hadi tatu, kwa kawaida siku 17 hivi. Kama zilikuwa kweli siku chache, alishaambukizwa kabla hajafika pale, na askari yule hana hatia ya macho ya Daria. Kweli, siku chache katika kumbukumbu ya miaka zaidi ya 30 zinaweza kuwa wiki mbili nzima. Inawezekana pia aliambukizwa na mwingine usiku ule ule, kwani ukumbi ulijaa watu, na rubela huanza kuambukiza kama wiki moja kabla vipele havijaonekana. Mtu aliyekuwa mzima kwa kila dalili aliweza kumpa, asijijue mpaka leo.

Sijaona mtu akilitilia maanani jambo hili. Kisa kimekuwa kizuri mno kukiharibu kwa hesabu: shabiki, nyota, busu la kifo. Agatha Christie mwaka 1962 aliandika riwaya ya upelelezi, The Mirror Crack'd from Side to Side, na wengi wametambua humo kisa cha Tierney. Mcheza sinema aliyezaa mtoto mwenye ulemavu anakutana kwenye hafla na mwanamke anayemsimulia kwa fahari jinsi alivyojipodoa juu ya vipele ili aje kumwona. Nyota wa Christie anamwekea sumu. Christie amempa nyota huyo jina Marina Gregg, na ukimkumbuka daktari wa Sydney unabaki kujiuliza kama ni bahati tu. Riwaya inahitaji mhalifu mmoja mwenye sura. Wafiwa na wazazi nao, wakati mwingine, wanahitaji hivyo hivyo, kwa sababu chuki yenye anwani inabebeka kuliko huzuni isiyo na pa kwenda.

Tierney hakumwekea mtu sumu. Alikwenda zake. Na hapa sikubaliani na wanaosema kwamba alisamehe.

Sisi watu wa pwani tuna utaratibu wa mambo haya. Ramadhani ikikaribia tunatakana radhi, mlango kwa mlango na siku hizi kwa simu, na fomula yenyewe inajulikana: unisamehe niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua. Anayekwenda Hija hupita kwa jamaa na majirani na maneno hayo hayo. Mtu akifa, kabla jeneza halijaondoka, msemaji wa wafiwa hutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na aliyekosewa amsamehe. Nimesimama kwenye misiba mingi nikasikia "tumesamehe" ikiitikiwa na watu waliokuwa hawajaambiwa wanasamehe nini. Silichukii tangazo lile. Linafagia vumbi jingi dogo dogo. Lakini radhi ya jumla ina kikomo: aliyekosa lazima aje, hata kama hajui kosa lake ni lipi, aje na mikono mitupu aseme huenda nilikuumiza. Yule mwanamke hakuja hivyo. Alikuja akitaka kufurahiwa. Tierney hakuwa na mtu wa kumsamehe mbele yake. Alikuwa na shabiki.

Alichompa, nadhani, ni sitara. Hakumwanika mbele ya wageni wa karamu. Pengine hakukusudia hata hilo, pengine miguu tu ilimtoa pale kabla mdomo haujafunguka, na anasema waziwazi kwamba tangu siku ile hakujali tena kama kuna mtu anampenda kuliko nyota wengine. Lakini yule mwanamke alirudi kwake akiwa na hadithi yake ya kuchekesha, nzima. Kuna mwanafalsafa Mwingereza, Bernard Williams, aliyeandika mwaka 1976 kuhusu dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lolote. Tutamfariji, tutamwambia si kosa lako, na tukimwona amefarijika upesi mno tutamtilia shaka. Dereva anatakiwa kubeba kitu ambacho abiria wake habebi, hata kama mahakama imemwachia. Shabiki wa Tierney alikuwa dereva aliyeondoka akidhani amepita juu ya jiwe.

Mwaka uliofuata baada ya Laura, Tierney aliigiza katika Leave Her to Heaven, na ndiyo filamu pekee iliyomfikisha kwenye uteuzi wa Oscar. Anaigiza mke mwenye wivu ambaye anakaa kwenye mtumbwi, miwani ya jua machoni, akimtazama ndugu wa mumewe, kijana mwenye ulemavu wa miguu, akizama ziwani. Baadaye anajitupa ngazini makusudi ili mimba yake iharibike. Nimeiona mara nyingi kuliko inavyofaa kwa umri wangu. Mama wa Daria, miaka miwili tu tangu ajifungue, anamwigiza mwanamke anayejua kila kitu na kukusudia kila kitu. Sijui studio ilifikiria nini. Ukitaka kuona dhambi yenye nia kamili, isiyo na kivuli cha kutojua, ni ile miwani. Jina la filamu wamelichukua kwa Shakespeare, pale mzimu wa baba unapomwagiza Hamlet asimguse mama yake bali amwachie Mungu.

Mwachie Mungu nayo ina mwenyewe. Tierney alimwachia, na kumwachia huko hakukuwa rahisi hata kidogo. Katikati ya miaka ya 1950 akili yake ilivunjika. Wakati wa kupiga The Left Hand of God, Humphrey Bogart, ambaye dada yake alikuwa na maradhi kama hayo, alizitambua dalili na kumsaidia kumaliza kazi. Akalazwa, akapigwa shoti za umeme zaidi ya mara ishirini, kumbukumbu zake nyingi zikafutika nazo. Alifika kusimama ukingoni mwa dirisha la ghorofa ya 14. Mwaka 1959, akitoka kutibiwa Topeka, Kansas, aliajiriwa kuuza nguo kwenye duka la mji ule kama sehemu ya kurudi kwenye maisha, mteja akamtambua, magazeti yakajaa. Siwezi kusema haya yote yalitokana na Daria. Hakuna muuguzi anayejua kazi yake atakayekuambia ugonjwa wa akili una sababu moja.

Na gharama za mtoto nani alizilipa? Bili za kwanza za madaktari wa Daria zililipwa na Howard Hughes, tajiri wa ndege na filamu, mtu ambaye kwa mengine nisingemkabidhi hata paka wangu. Hakuwa amesababisha chochote. Tierney hakumsahau kwa hilo mpaka mwisho. Kwa msichana wangu wa kliniki pia, aliyekuja kumpeleka mtoto kupasuliwa macho alikuwa mjomba ambaye siku ya vipele hakuwepo hata mjini.

Ningependa yule askari angeambiwa. Si na Tierney, huyo alishabeba vya kutosha. Na mtu mwingine yeyote pale kwenye tenisi mwenye kauli nzuri. Ukweli ni kwamba huenda hatimaye aliambiwa. Kitabu cha 1979 kinamweleza bila jina, na binti aliyekuwa askari wakati wa vita angekuwa mama wa makamo tu, mwenye macho ya kusoma. Kama kilimfikia, alijitambua kwenye ukurasa ule peke yake, bila mtu wa kumnyoshea kidole, huku Tierney akiwa bado hai kwa miaka 12 zaidi na anwani ya kumwandikia ikipatikana. Angeweza kujitetea kwa zile siku 17, na huenda utetezi wake ungekuwa wa kweli. Mimi ningemshauri asianze na Daria kabisa, kwa sababu hilo hakuna kadhi atakayelithibitisha. Aanze na karantini. Usiku ule alivuka geti la kambi akijua amekatazwa, na kwa hilo shahidi ni yeye.